Alama 32 nilizopoteza, mbwa hahusiki

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, samahanini. Wanaofanya kazi kwenye magazeti wanajua: mhariri akishakutupia habari za bajeti, hata jina lako unalisahau. Leo sitaki siasa wala bajeti. Leo naandika kuhusu mbwa. Ndiyo, mbwa! Wapo watakaotoka hapa hapa, na siwalaumu, tutaonana wiki ijayo. Mliobaki vuteni viti, maana hili jambo limenikaa kifuani tangu nirudi kutoka Marekani na nisipolitoa litanipasua.

Hadithi yenyewe ni hii. Nilipata nafasi ya kukaa miezi sita kwenye chumba cha habari cha gazeti moja huko Minnesota. Nilipangiwa nyumba ya mama mmoja mwalimu mstaafu, na mama huyo alikuwa na mbwa anaitwa Biscuit. Si mbwa wa kifahari mnaowaona kwenye filamu. Mchanganyiko mtupu, sikio moja limesimama na jingine limelala, rangi ya chai ya maziwa. Huku kwetu tungemwita koko bila kufikiri mara mbili. Mama alikuwa anamwandaa kwa mashindano. Kabla hawajaanza vizuri, goti likamgomea, akafanyiwa upasuaji, daktari akamwambia asahau kutembea haraka kwa miezi mitatu. Akanitazama mezani siku moja, akaniuliza kama ninaweza kumshika mbwa badala yake.

Nikacheka. Mimi? Mtoto wa Tabata, niliyekua nikiamini mbwa kazi yake ni kubweka usiku na kula ukoko wa ugali? Lakini nilikuwa nakula chakula cha yule mama kila siku, na kwetu tumefundishwa kwamba mgeni siku ya tatu mpe jembe. Nami siku zangu tatu zilikuwa zimekwisha zamani. Nikakubali.

Sasa tuelewane kwanza haya mashindano ni nini. Wenyewe wanayaita rali. Jina limetoka kwenye rali za magari, na sisi watu wa Afrika Mashariki tuliolelewa na habari za Safari Rally hatuhitaji kuelezwa sana. Dereva na msoma ramani wanafuata njia waliyopangiwa, kituo kwa kituo. Huku dereva ni wewe, na mwenzako ana miguu minne. Aliyeubuni mchezo huu ni Mmarekani mmoja, Charles Kramer, wenzake walimwita Bud. Chama kikubwa cha mbwa cha huko, American Kennel Club, kikaanza kuutolea vyeo rasmi mwaka 2005. Kwa miaka ya mwanzo chama hicho kilikuwa cha mbwa wenye ukoo unaojulikana tu. Ilipofika mwaka 2010 ndipo kikawafungulia mlango na machotara wa aina ya Biscuit. (Ndiyo, hata mbwa wana habari zao za ubaguzi. Tuendelee.)

Uwanjani kunapangwa vibao. Kwa daraja la wanaoanza ni kati ya 10 na 15, kila kimoja kina namba na maelekezo: simama mbwa akae, mlaze, geuka kulia, geuka kushoto, tembea polepole, kimbia, mzunguke mbwa wako akiwa amekaa, pita kati ya koni kama nyoka. Mwamuzi akisema nenda, umeondoka, na hakuna atakayekuambia kitu tena mpaka mwisho. Unasoma kibao, unafanya, unakwenda kinachofuata. Mbwa anakuwa kushoto kwako, na kwa wanaoanza anafungwa kamba muda wote. Mnaanza na alama 100, kisha mnakatwa. Kamba ikikaza, alama moja. Ukiomba kurudia kituo, tatu. Ukikosea kituo, kumi! Ukibaki na 70 umefuzu. Ukifuzu mara tatu, chini ya waamuzi wasiopungua wawili tofauti, mbwa anapewa cheo. Saa inahesabiwa pia, lakini inatumika tu kama kuna waliofungana kwa alama.

Kitu kilichonishangaza kuliko vyote: unaruhusiwa kuongea na mbwa njia nzima. Kumsifu, kumpigia makofi, kujipiga paja, kumwita majina ya mapenzi kama una aibu ndogo. Kwenye mashindano ya utii ya zamani hilo haliruhusiwi, unatoa amri na kunyamaza. Kwenye rali unaongea mpaka koo likauke. Usichoruhusiwa ni kuingia uwanjani na chakula mfukoni, na kumburuta mbwa au kumfokea kwa ukali. Ukifanya hivyo, wewe na mbwa wako mtaonyeshwa njia ya nyumbani.

Nilipoelezwa hayo nikaona mbona rahisi. Mbwa anajua kukaa, anajua kulala, mimi najua kusoma. Nina digrii! Vibao kumi na mbili vitanishinda?

Siku ya kwanza darasani nilishika kamba kama nimeshika mwizi. Mikono miwili, nimeizungusha kiganjani, mbwa yuko hapa pembeni hana hata nafasi ya kupumua. Biscuit akienda mbele namvuta, akibaki nyuma namvuta. Akasimama kunusa mguu wa kiti, nikamtolea sauti. Mnaijua sauti ile. Ni ile ya mwalimu wa zamu, ya konda anayefukuza mwanafunzi mlangoni, ya mlinzi wa geti la ofisi. "WEWE!"

Nikamwona yule mbwa. Hakukimbia, hakubweka. Alinitazama, akakaa chini, kisha akageuza uso pembeni kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. Kuanzia pale hakufanya kitu chochote tena. Nikasema kaa, hakukaa. Nikasema twende, hakwenda. Darasa lote likanyamaza.

Mwalimu hakunigombeza. Alikuja taratibu, akanivua kamba mikononi, akaining'iniza kwenye mkanda wa suruali yangu, akaniambia nitembee bila kuishika. Kisha akanipa mfuko wa vipande vya kuku, kila kipande hakizidi punje ya njegere. Kila Biscuit akitembea pale pembeni ya mguu wangu wa kushoto, nimsifu na kumpa. Akitoka, nisiseme kitu, nisimame tu. Basi.

Jamani, dakika kumi. Dakika KUMI, yule mbwa alikuwa ananifuata kama kivuli, shingo ameinua, macho kwangu. Nikarudi nyumbani nimefurahi, nikalala. Usiku nikaamka, usingizi umepotea, kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka Simba.

Simba alikuwa mbwa wetu nilipokuwa na miaka tisa. Mchana kutwa alifungwa mnyororo kwenye mwembe nyuma ya nyumba, usiku anafunguliwa alinde. Alifunzwa kwa fimbo, kwa sababu kila kitu kwetu kilifunzwa kwa fimbo, tukiwemo sisi. Fimbo ikanifundisha nikae kimya darasani, nami jioni nikaenda kumfundisha Simba kwa mawe. Tulikuwa watoto watatu au wanne, tunasimama mahali ambapo mnyororo haufiki, tunamrushia vijiwe tuone anavyochachamaa. Ulikuwa mchezo wetu. Tulimcheka akijirusha na kukabwa na mnyororo.

Siku moja mnyororo ukakatika. Simba hakuniuma mimi niliyekuwa narusha mawe. Alimuuma mtoto wa jirani, msichana wa miaka mitano, aliyekuwa anapita kuchota maji. Alimuuma mguuni na mkononi. Hapo ndipo wazazi wakaulizana kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza: hivi huyu mbwa ana chanjo? Hakuwa nayo. Mama yake yule mtoto akazunguka na mwanawe kutafuta sindano za kichaa cha mbwa, siyo moja, mfululizo, kila moja na nauli yake na siku yake ya kibarua iliyopotea. Baba akachangia alichoweza. Mtoto alipona, Mungu mkubwa, ila kovu analo mpaka leo na tunasalimiana. Simba aliuawa jioni ile ile. Watu walisema alikuwa mbwa mbaya, wakaenda kulala.

Sikuwahi kumwambia mtu kuhusu mawe. Ndiyo nasema leo.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini kuanzia siku ya pili darasani niliacha utani.

Nitawapa kwa kifupi tulichofanya, maana najua wapo watakaouliza. Kwanza, muda. Dakika tano asubuhi, tano jioni, basi. Mbwa aliyechoka hajifunzi, kama mwanafunzi wa kipindi cha saa nane mchana. Pili, tulianza na jina lake. Nikisema Biscuit, akinitazama, anapata. Mara mia, mpaka jina likawa habari njema. Tatu, kutembea pembeni, hatua mbili, tano, kumi. Nne, kukaa kila nikisimama bila kuambiwa. Baada ya hapo ndipo vibao, kimoja kimoja. Nilivichora kwenye karatasi, nikavibandika sebuleni, na badala ya koni nikaweka ndoo na makopo ya rangi.

Halafu nikagundua jambo la kuniaibisha. Mbwa alivielewa vibao kabla yangu! Kibao cha nyuzi 270 kulia, kwa mfano. Unazunguka kulia robo tatu ya duara, ukimaliza unajikuta unaelekea kushoto. Karatasini ni hesabu ya darasa la sita. Ukiwa na mbwa, kamba, na kichwa chenye wasiwasi, mwili unakataa. Mwalimu akaniambia niwe nafanya mazoezi bila mbwa. Kwa hiyo usiku, mama mwenye nyumba amekaa na goti lake juu ya kigoda, mimi nazunguka sebuleni peke yangu nikiongea na mbwa ambaye hayupo. Alicheka mpaka machozi. Nilizunguka hata kituo cha basi. Watu wa Minnesota ni wapole, hawakusema kitu.

Tano, mahali. Mbwa anayekaa vizuri sebuleni hajui bado kukaa. Anajua kukaa SEBULENI. Tukaenda bustanini, tukaenda maegesho ya duka, tukaenda karibu na uwanja wa watoto, kila mahali tunaanza kama wageni. Na mwisho kabisa, chakula. Kwa kuwa uwanjani hakiruhusiwi, unakipunguza taratibu: kwanza kila kibao, halafu vibao viwili, vitatu, mpaka anamaliza njia nzima na zawadi inamsubiri nje. Katikati panabaki sauti yako tu. Hapo ndipo mtu anapojulikana. Kama sauti yako haina kitu, kamba haitakusaidia.

Na sauti yangu kwa Kiingereza haikuwa na kitu, niwe mkweli. "Good boy" yangu ilitoka kama tangazo la benki. Wiki ya tatu nikasahau nikamwambia, "Safi sana, baba, safi!" Mkia ukazunguka kama feni. Tangu siku hiyo Biscuit akawa mbwa wa Kiswahili: kaa, lala, twende, njoo hapa. Hakuna kanuni inayosema mbwa lazima aongeleshwe Kiingereza, na yeye mwenyewe Kiingereza hakijui, anajua sauti. Yule mama akawa anafanya mazoezi ya kutamka "lala" akiwa kwenye kiti chake.

Siku ya mashindano ikafika, Jumamosi. Daraja la wanaoanza lina makundi mawili, A na B, na B inaruhusu mbwa kuongozwa na mtu asiye mwenyewe. Nikaandikishwa huko. Kabla ya kuanza wanawapa ramani ya njia na dakika chache za kuitembea bila mbwa. Nikaitembea mara nne, nimekariri kila kitu. Mikono ina jasho kama siku ya mtihani wa taifa.

Tukaingia. Mwamuzi akauliza kama niko tayari. Nikasema ndiyo, na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza siku hiyo. Kibao cha tano, geuka kulia, nikageuka kushoto. Biscuit alinifuata kwa utiifu wote, kichwa juu, akipotea pamoja nami. Kumi zimekwenda. Kibao cha tisa, zile nyuzi 270, nikazunguka mpaka nikarudi nilikotoka. Kumi nyingine. Nikaomba kurudia vituo viwili, sita. Kamba niliikaza mara sita kwa woga, sita nyingine. Jumla 32. Nikapata 68, na wa kufuzu ni 70.

Nikakaa nje na ile karatasi ya alama. Nilikuwa natafuta kosa la mbwa. Naapa, nilikuwa nalitafuta! Nilitaka niseme alikuwa anashangaa watu, alinusa zulia, hakuwa na umakini. Nikasoma mstari kwa mstari. Alama 32, zote zangu. Hakuna hata moja ya mbwa. Alikuwa amefanya kila nilichomwambia, ikiwa ni pamoja na makosa.

Na hapo ndipo ninapotaka kufika.

Sisi tuna ugonjwa wa kutafuta kosa la aliye kwenye ncha ya chini ya kamba. Mbwa akiuma, mbwa mbaya. Mtoto akifeli, mtoto mzito. Msichana wa kazi akivunja sahani, hana akili. Mwandishi mpya akikosea habari, hafai, na mimi mwenyewe nimeshawahi kuwa huyo mwandishi, na nimeshawahi kumfokea mwingine aliyekuja baada yangu. Hatuulizi nani aliandika kibao. Hatuulizi nani aligeuka kushoto palipoandikwa kulia. Tuna methali yetu tunayoipenda, mchelea mwana kulia hulia yeye, tumeigeuza kibali cha fimbo kwa kila kiumbe. Lakini Simba alipigwa miaka minne. Kama fimbo ingekuwa inafundisha, angekuwa profesa.

Utaniambia, hayo ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Nilijua utasema! Basi nikupeleke Morogoro, siyo Minnesota. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine kuna shirika la APOPO, lilianzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997 na limekuwa Morogoro tangu mwaka 2000. Wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye vimelea vya kifua kikuu. Wanawafundishaje? Panya akipatia, kinalia kidude, tik, kisha anapata kipande cha chakula, hata ndizi. Hapigwi. Huwezi kumpiga panya ukategemea akukubalie kutembea juu ya bomu. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa hapa hapa Tanzania, akaenda kufanya kazi Kambodia, akagundua mabomu 71 ya ardhini pamoja na silaha nyingine ambazo hazijalipuka. Mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022, amestaafu, kwa uzee. Waliomfundisha ni Watanzania, vijana wa rika letu. Njia aliyonifundisha yule mwalimu wa Minnesota kwa kuku, kaka na dada zetu wa Morogoro wanaifanya kwa ndizi kila asubuhi. Ni yetu vilevile. Tumeamua tu kwamba panya anastahili na mbwa hastahili.

Utaniambia pia, watu wanalala njaa wewe unaleta habari za mbwa. Sawa. Lakini mbwa wako tayari, hatuwaleti sisi. Wako uani, wako jalalani, wako njiani asubuhi watoto wanapokwenda shule. Shirika la Afya Duniani linasema kichaa cha mbwa kikimpata binadamu, hadi asilimia 99 ya wagonjwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ugonjwa huo karibu kila mara unaua. Shirika hilo hilo linasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa mahali, ugonjwa unakatika mnyororo. Sasa niambie, mbwa aliyerushiwa mawe maisha yake yote, utamkamataje umpeleke kwenye chanjo? Nani atamshika? Mbwa anayejua jina lake, anayetembea na kamba iliyolegea na anayekaa akiambiwa kaa, huyo anachanjwa kwa dakika mbili. Hivyo ndivyo ningependa mlione hili jambo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008. Sheria haishiki kamba, wanaoishika ni sisi.

Rafiki yangu mmoja wa Tanga, Mwislamu safi, alinisikiliza yote haya akaniambia, "Kaka, mimi mate ya mbwa sitaki." Nikamwambia hakuna anayekulazimisha kulambwa. Kufunza mbwa hakuhitaji umwingize ndani wala umkumbatie. Yeye mwenyewe akanikumbusha kwamba Kurani inataja wanyama wa kuwindia waliofunzwa, na kwamba ipo hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumpa maji mbwa mwenye kiu. Alinishinda kwa hoja nzuri kuliko zangu.

Nimalizie Jumapili yake. Tulirudi uwanjani, mwamuzi mwingine, vibao vimepangwa upya. Safari hii sikukariri mbwa afanye nini, nilikariri mimi niweke mguu wapi. Nikaingia namwongelesha Biscuit Kiswahili tangu mlangoni, twende baba, taratibu, hapo hapo, kaa, safi! Waliokuwa pembeni wakawa wanacheka, nami nikacheka, na mabega yakashuka. Nilirudia vituo viwili, kamba ilikaza mara tatu. Alama 91. Yule mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu amefunika uso kwa viganja. Mimi nilirudi nyumbani Tanzania nikiwa nimefuzu mara moja tu. Mbili zilizobaki alizimalizia mwenyewe goti lilipopona. Akanitumia picha ya cheti. Ananiambia mpaka leo Biscuit akiambiwa "sit" anafikiria kidogo, akiambiwa "kaa" anakaa papo hapo.

Hapa nyumbani tuna mbwa mwingine sasa, anaitwa Bahati. Wa kienyeji. Nilimchukua akiwa mdogo, kachanjwa, mnyororo hana. Jioni nikitoka kazini tunafanya dakika zetu tano uani, vibao vyangu ni makaratasi niliyoyafunika kwa nailoni, koni zangu ni chupa za maji zilizojazwa mchanga, zawadi ni dagaa. Gharama yake haifiki nauli ya daladala.

Baba mwanzoni alikuwa anatazama kutoka barazani bila kusema. Ni yeye aliyekuwa na ile fimbo, na simlaumu, naye alifunzwa hivyo hivyo. Wiki ya pili akaniuliza, "Huyu mbwa umemroga?" Nikamwambia hapana, Baba, ni dagaa. Akaguna.

Juzi nimechelewa kurudi, foleni ya Buguruni mnaijua. Nimefungua geti polepole, nikamkuta mzee kainama katikati ya chupa zangu, kofia kichwani, mkononi ana dagaa mmoja. Bahati kakaa mbele yake, wima kama askari. Mzee hakuniona. Alikuwa anamwambia kwa sauti ambayo mimi na wadogo zangu hatukuwahi kuisikia utotoni, "Safi. Safi sana, mwanangu."

Nikarudi nje ya geti, nikasubiri kidogo, kisha nikapiga hodi.